Kizimba cha Nyoka na Mayai ya Mama

Mwaka ule wa sabini na nane, Mbulumbulu nzima hapakuwa na msichana jasiri kama mimi, Marsela. Nilishika nyoka kwa mikono mitupu! Haya, walikuwa nyoka wadogo wa ghalani wanaokula panya, na Mwalimu Raphaeli alishawakagua akasema hawana sumu. Jogoo wetu nilimkimbia.

Kila asubuhi kabla ya shule nilifagia banda la kuku, nikampelekea mama mayai. Mara yakaanza kupungua.

"Ni nyoka wako hao," alisema baba mdogo Wilibrodi.

Mama akachukua panga. Nikamng'ang'ania kanga. "Mama, usiwaue! Nitawajengea kizimba."

"Jenga. Yai likipotea tena, panga hili hapa."

Baba mdogo alikuwa seremala. Akanipa mabaki ya mbao, tukapima, tukakata, ubavu mmoja tukaweka wavu wa chekeche kuukuu. Nyoka wakaingia wote wawili. Mama akafunga kufuli, ufunguo akaufunga kwenye pindo la kanga.

"Kazi yangu hiyo," baba mdogo akajigamba. "Hata sisimizi hapenyi!"

Kesho yake mayai mawili hayakuwepo. Baba mdogo alikuwa uani na Mzee Bartolomeo, aliyekuja kuagiza mlango wa ghala la ngano.

"Shemeji, nyoka tena!" baba mdogo akamwambia mama. "Alfajiri nimewaona kwa macho yangu, wako kwenye kiota wanameza."

Mama akanyanyua panga. Machozi yakanitoka. "Lakini mama, wametokaje?"

Mzee Bartolomeo akainama kizimbani, akatikisa kufuli, akabonyeza kila ubao. Nyoka walikuwa ndani, wamejikunja.

"Wilibrodi, kizimba chako kina tundu?"

"Tundu? Kazi yangu mimi, mzee?"

"Kama wametoka, lipo. Basi mlango nitaagiza Karatu mjini."

Baba mdogo akatazama kizimba, akamtazama mzee. "Hawakutoka," akasema kwa sauti ya mgonjwa.

Mama akaweka panga chini. "Marsela, sikia mwanangu. Mwongo humtafuta asiyeweza kujitetea, akamtwika kosa lake. Ukikosa, sema mwenyewe. Haya Wilibrodi, na wewe sema."

"Nilichukua moja tu, shemeji. Nimeshalila. Naapa, sina jingine!"

Akajitupa kukaa juu ya kizimba kwa aibu. Kwacha! Kiini cha yai kikachuruzika kutoka mfuko wa nyuma wa suruali yake.