Wavuta Mizinga wa Karvi

Zamani za masultani wa Dekani, huko Bara Hindi, wakati wafalme walikuwa hawalali bila upanga ubavuni, palikuwa na wilaya ya mashamba iitwayo Karvi. Vijiji vyake vilikuwa kumi na saba, juu ya udongo mweusi ambao mvua huufanya tope la kunasa fahali, na jua huupasua kama kigae. Watu wake walilima mtama na pamba, na wachungaji walipandisha kondoo vilimani. Katikati ya wilaya ulisimama mlima wenye kilele bapa, na juu yake ngome.

Mlinzi wa ngome hiyo alikuwa Sidi Sandali. Sidi ndivyo walivyoitwa huko watu wa asili ya Afrika, naye alitekwa kwao Afrika angali mdogo, akauzwa ng'ambo, akajipatia uungwana kwa ncha ya upanga wake. Alikuwa amekaa Karvi miaka ishirini, hata lugha aliyoizungumza ilikuwa ya wakulima, si ya ikulu.

Jeshi la mfalme wa kaskazini lilipokuja na mizinga yake, watu wa vijijini walikimbilia ngomeni na ng'ombe wao. Aliyewaongoza alikuwa Bhagirathi, mjane wa jumbe mmojawapo, mama wa vijana wawili. Mwaka mmoja wa tauni alikuwa amemfunga Sandali uzi mwekundu mkononi, na kwa mila ya kule, mwanamke akimfunga mwanamume uzi huo, amekuwa kaka yake.

Mwezi wa nne wa mazingiwa, adui walibomoa boma la bwawa lililoleta maji mlimani. Ndani ya birika la ngome maji yakashuka hadi magotini. Sandali alikuwa amepeleka barua mbili kwa sultani kuomba msaada, na hapana jibu lililorudi.

"Nitakwenda mwenyewe," akamwambia Bhagirathi. "Barua inaweza kuwekwa chini ya zulia. Mimi sitawekeka."

"Kaka, wakikukosa ukutani askari watavunjika moyo."

"Dada, wakikosa maji watavunjika shingo. Nipe siku kumi na mbili. Nitarudi na jeshi."

Alfajiri yenye ukungu aliteremshwa kwa kamba upande wa genge, penye mteremko mkali. Alivua deraya yake ya chuma na kilemba cha hariri, akajitanda blanketi la sufu kama mchungaji. Wachungaji wenyewe wakampitisha katikati ya kondoo wao. Aliona alichokuwa hakioni kutoka ukutani: mashamba ya pamba yamechomwa, visima vimetupiwa mizoga, na katika kijiji cha wafinyanzi matanuri yamesimama baridi bila hata mbwa wa kubweka. Alivuka mto kwa kushikilia mkia wa nyati wa kufugwa. Siku ya tano, miguu imechanika, alifika mbele ya lango la ikulu.

Akangojeshwa siku mbili. Siku ya tatu waziri akamwita, mtu mpole mwenye ndevu zilizopakwa hina.

"Sidi Sandali," akasema waziri, "umetutia fahari. Lakini vita vimekwisha. Mkataba ulitiwa mhuri siku ishirini na moja zilizopita. Binti wa sultani anaolewa kaskazini, na Karvi ni sehemu ya amani hiyo."

Sandali akahesabu kimoyomoyo. Siku ishirini na moja! Siku hiyo boma la bwawa lilikuwa bado zima. Watu aliowazika tangu hapo walikuwa wamekufa wakiilinda ngome ambayo bwana wake alikwisha kuitoa.

"Mbona hatukuambiwa?"

"Mjumbe alikawia. Twaa firmani hii, amri ya sultani. Wewe na askari wako mtatoka na silaha zenu, bendera na ngoma. Heshima kubwa."

"Na watu wa vijiji?"

"Watu ni wa ardhi, na ardhi imetolewa."

"Jemadari wa kaskazini amekula yamini kuwafunga vijana waliotupa mawe kutoka ukutani, wamvutie mizinga hadi vita vya kusini. Waziri, ongeza mstari mmoja tu. Mmoja."

Waziri akaukunja mkono wa joho lake taratibu. "Wino umekauka, Sidi. Mwenye nguvu mpishe."

Alirudi kwa farasi wa ikulu, firmani kifuani, na adui wakamfungulia njia katikati ya mahema yao kwa adabu. Bhagirathi alikuwa langoni, midomo imepasuka kwa kiu. Alitazama nyuma ya Sandali, barabara tupu.

"Jeshi liko wapi, kaka?"

Akawasomea wote waraka. Walipomaliza kusikiliza, hapana aliyelia. Mzee mmoja aliomba asomewe tena, labda kuna neno limerukwa.

"Nitaichana karatasi hii," akasema Sandali. "Tutapigana."

"Maji ni ya siku mbili," akajibu Bhagirathi. "Ukiichana, wataingia kwa upanga, na watoto wamo. Ukiifuata, watachukua vijana, wanangu wamo. Unataka nichague mimi?"

Sandali akaikunja firmani, akairudisha kifuani.

"Basi fungua lango," akasema yule mama, akageuka ili Sandali asimwone usoni.

Askari wakatoka kwa ngoma na bendera. Nyuma yao vijana mia na arobaini walifungwa kamba viunoni, wanne wanne. Sandali akashuka farasi, akamwendea jemadari wa kaskazini, akamtolea upanga wake kwa mikono miwili.

"Nifunge mimi. Mimi ndiye niliyewaamuru. Waache hawa."

Jemadari akaurudisha upanga kwa upole. "Wewe ni mgeni wa mkataba, Sidi. Nikikugusa, nitakuwa nimevunja ahadi. Hawa wametajwa wapi humo?"

Bhagirathi alitembea kando ya wanawe hadi kivukoni. Hapo askari wakamzuia kwa mikuki, akabaki amesimama majini.

Tarikhi ya ikulu, kitabu cha habari za wafalme, iliandika kwamba Karvi ilikabidhiwa kwa amani, pasipo damu, na kwamba mlinzi wake alivishwa joho la heshima. Hayo ni kweli yote. Ya bwawa, ya kiu na ya kamba hayakuandikwa.

Sandali alipewa ngome nyingine, kando ya njia kuu ya kusini. Kwa kuwa sasa falme zilikuwa ndugu, mizinga ya kaskazini ilipita hapo kila kiangazi, na kila ilipopita aliteremka akiwauliza wavutaji, "Nani wa Karvi?" Mwaka wa sita mtu mmoja aliinua mkono. Hakuwa mzee, lakini meno ya mbele hakuwa nayo.

"Wana wa Bhagirathi?" akauliza Sandali.

"Walikufa mwaka wa kwanza, bwana. Wote wawili. Homa."

"Na mama yao?"

"Sisi hatupati habari za nyumbani."

Mjeledi ukalia na safu ikaanza kupanda. Sandali, ndevu zimekwisha kuwa nyeupe, akaishika kamba nyuma ya mtu yule, akavuta naye. Walipanda hivyo, magurudumu yakilia, hadi juu ya mwinuko. Hapo msimamizi akamjia, akainamisha kichwa kwa heshima.

"Bwana Sidi, hii si kazi yako. Tafadhali achia."

Akaachia.