Kiganja Kinachotazama Mbele

Kila siku baada ya masomo, Kitinda alibadilisha viatu, akapaka chaki viganjani na kuingia chumba cha mazoezi nyuma ya shule. Walimwita hivyo kwa kuwa ndiye kitindamimba wa kwao. Alikuwa binti wa miaka kumi na mitatu, mwenye miguu yenye nguvu kuliko ya wenzake wote. Tatizo lilikuwa vidole. Chuma cha kunyanyua uzito kikifika magotini, humponyoka na kuanguka kwa kishindo.

"Unashika viganja vyote vikikutazama," mwalimu wa mazoezi alimwambia. "Geuza kimoja kitazame mbele, chuma hakitabingirika."

"Mgongo unaniuma, mwalimu."

Ulikuwa uongo, tena wa tatu wiki ile.

Mwaka uliopita, mbele ya macho yake, kaka yake aligeuza kiganja cha kulia vivyo hivyo, akavuta. Ukasikika mlio kama wa kitambaa kinachochanwa. Msuli wa mkono ulikuwa umekatika. Tangu hapo mlio ule haukumwacha Kitinda. Mama yao, fundi cherehani, akichana kitambaa tu, binti hukurupuka na kutoka nje. Na akibaki peke yake kwenye chumba cha mazoezi, alihisi kuna mtu nyuma yake anainama kushika chuma. Akigeuka, hakuna.

Tena lilikuwapo jambo asilolijua mtu. Siku nne kabla ya ajali, kaka alimnong'oneza penye bomba la maji: "Mkono unaniuma. Usimwambie mtu, wataniondoa mashindanoni." Naye akafumba mdomo.

Jioni ile alimkuta kaka uani akifua kwa mkono wa kushoto, wa kulia ukishikilia tu ukingo wa beseni. Maneno yakamtoka yenyewe.

"Kaka, mimi ndiye niliyekuumiza. Ningesema..."

Kaka aliacha kufua. "Nani kakudanganya? Siri ilikuwa yangu, nikakutwisha wewe mtoto. Mimi ndiye wa kukuomba radhi." Akajifuta povu mkononi. "Ila usinirithi ujinga. Mwalimu anajua unachoogopa?"

Kesho yake walikwenda pamoja kwenye chumba cha mazoezi. Kaka hakuwa amekanyaga mle tangu siku ile. Alisita mlangoni, akaingia. Kitinda akasema yote, hata uongo wa mgongo.

Mwalimu alisikiliza, uso umemshuka. "Mkono uliogeuzwa ukikunjwa kiwiko, msuli hubeba mzigo usio wake," alisema. "Na wa kaka yako ulikuwa tayari unalia. Ipo njia nyingine. Viganja vyote vikutazame, kidole gumba kiingie chini ya vidole, ukibane."

Akapunguza uzito. Kitinda akashika, akavuta. Chuma kikapita magoti, kikatulia. Kwa mbali aliusikia mlio ule, lakini hakukiachia chuma.

"Kidole gumba kinauma," akasema.

"Kweli, au kama mgongo?" kaka akamtania.

"Kweli!"

"Basi shusha taratibu, tupunguze tena," mwalimu akasema. Akawatazama wote wawili. "Mshiko tutauchagua pamoja, wanangu, kesho na keshokutwa. Lakini siwezi kumchagulia mtu anayenificha. Wahenga hawakukosea: mficha maradhi, kilio kitamfichua. Na anayemsaidia kuficha hulia naye."