Karatasi ya Njano Mlangoni

Ilianza na harufu ya ubani. Nyumbani kwa Kaveke mpiga picha, pale mjini Wote, hakuna mtu aliyewahi kuchoma ubani. Ni watu wa kanisa, watu wa kwaya, na harufu wanazozijua ni za mahindi ya muthokoi jikoni na vumbi la mbao kutoka kwa jirani. Lakini jioni ile, jua likiwa limetoka tu kuzama, mkewe Nzisa alisimama katikati ya sebule na mwiko mkononi, akinusa hewa.

"Baba Mwongeli, nani anachoma kitu?"

"Si ni hao majirani," Kaveke akasema bila kuinua macho kutoka kwenye kompyuta.

Muuza mbao achome ubani wa nini? Lakini Kaveke alikuwa mtu wa majibu ya haraka, na haraka ndiyo iliyomponza.

Mwaka uliotangulia alikuwa amebahatika kwenda China kwa mafunzo mafupi ya kamera. Alirudi na picha za Ukuta Mkuu, za mapagoda, za majumba ya wafalme wa kale yenye vigae vya manjano. Kisha akaanza kuwapiga watu picha studioni na kuwapachika huko. Wakampenda kwa hilo. Mama wa sokoni ambaye hajawahi kuvuka mto Athi alikuwa sasa ukutani kwake, karibu na kalenda, amesimama juu ya Ukuta wa China na leso yake kiunoni.

Ila picha iliyopendwa kuliko zote ilikuwa ya hekalu dogo la mlimani, na hiyo hakupaswa kuwa nayo. Walipofika pale wenzake wote walifunika kamera. Mama mmoja aliyekuwa akifagia ua alimwangalia Kaveke, akapishanisha mikono kifuani: usipige. Kaveke akangoja ageuke, akapiga. Alijiambia kwamba sanamu za kuchonga hazimwezi mtu aliyeokoka. Na huyu ni mtu ambaye, kwao, hangethubutu kuvunja hata kijiti katika ithembo, lile pori la matambiko la wazee wa Kikamba, ingawa kanisani anafundishwa kwamba pale hamna kitu. Sikio la kufa halisikii dawa.

Hekalu lilikuwa na mlango mwekundu wa mbao, umefungwa, na mahali mbao mbili zilipokutana palibandikwa karatasi ya njano yenye maandishi. Kaveke alipompachika Nzisa mbele ya mlango ule, ili wateja waone mfano, karatasi ikatokea juu ya kichwa chake kama pembe. Akaifuta. Ilikuwa kazi ndogo sana kwa mtu anayefuta chunusi za maharusi kila Jumatatu. Nzisa akapendeza. Picha ikachapishwa kubwa ikatundikwa sebuleni, na nyingine zenye mlango ule ule zikaenda na wateja hadi Kalamba na Malili.

Baada ya ile jioni ya kwanza, harufu ilirudi kila siku saa moja, watu wa Wote wakiwa bado wananunua mboga. Kaveke alikuja kupiga hesabu baadaye: saa moja yetu, kule ni usiku wa manane. Nzisa akaanza kusikia baridi. Wote, mahali ambapo hata kivuli kina joto, yeye alijifunga blanketi na kukaa akiangalia picha yake mwenyewe.

"Huu mlango ulikuwa umefungwa," alimwambia mumewe siku moja, kwa sauti ndogo.

Kaveke akaangalia. Mlango ulikuwa umeachana kidogo, upana wa kidole, na ndani palikuwa na giza ambalo hakuna kamera iliyolipiga. Aliishusha picha akaigeuza uso ukutani, akamwambia mkewe aende kulala, na wakati akifunga madirisha alisikia nyuma yake miguu iliyovaa kitu laini ikiburutwa sakafuni, taratibu, kutoka penye picha hadi mlango wa chumba cha kulala, kisha ikasimama, kisha ikaingia, na yeye akabaki ameshika komeo la dirisha, akitaka kumwita Nzisa na akiogopa kwamba akiita ataitikiwa na mwingine.

Kulipopambazuka Nzisa hakuweza kuinuka. Na ndani ya picha alikuwa ameanza kugeuka, shavu moja limeshaelekea mlangoni.

Mchungaji alikuja, akaomba hadi shati likalowa. Haikusaidia. Ndipo Kaveke, kwa aibu kubwa na kwa siri, akaenda Kitui kumchukua Mama Sauda, mama wa Kiislamu ambaye babu zake walitoka pwani na anayejulikana kwa kuwasomea watu wenye majini. Sauda alisoma mchana kutwa kando ya kitanda. Alipotoka, midomo ilikuwa imemkauka.

"Hawa wetu," alinong'ona, "ukimwambia toka, atabishana. Atataja jina, atataja anachotaka. Huyu hasikii lugha yangu. Nimesoma, nimemsihi, nimemtukana hata. Ananitazama tu."

"Anakutazama akiwa wapi, Mama?"

Sauda alifunga mkoba wake. "Tafuta mtu wa kwao, mwanangu. Na usichelewe, anamvuta."

Karibu na Malili kulikuwa na machimbo ya kokoto na fundi mmoja Mchina, mtu wa makamo, aliyejifunza Kiswahili kwa vibarua. Kaveke alimfungulia ile picha ya sebuleni kwenye boneti ya gari. Yule mtu aliitazama, akarudi nyuma, akajipangusa mikono kwenye suruali.

"Hapa karatasi," alisema, akionyesha bila kugusa. "Karatasi wapi?"

"Niliitoa."

"Wewe toa?"

"Ilikuwa inaharibu picha, boss. Iliandikwa nini? Niambie nirudishe."

"Mimi hapana jua. Karatasi funga yule ndani. Kila mlango, maneno yake. Leta picha ya kwanza. Mimi soma."

Picha ya kwanza haikuwepo. Kadi ya kamera alishaisafisha kwa ajili ya sherehe ya ntheo ya watu fulani kule Kalamba, mbuzi wa mahari na akina mama wakicheza, kama mpiga picha yeyote anavyosafisha kadi kabla ya kazi. Na kwenye kompyuta alikuwa amehifadhi picha iliyofutwa karatasi juu ya ile nzima. Kaveke alilia barabarani, malori yakipita.

Aliporudi nyumbani akaitundika tena, Nzisa wa pichani alikuwa ameshageuza mgongo na mguu mmoja uko juu ya kizingiti. Nzisa wa kitandani alikuwa anapumua kwa mbali sana. Kaveke akachukua karatasi ya njano ya mfuko wa kuwekea picha za wateja, na maandishi ya Kichina ya pekee aliyokuwa nayo, yale ya kwenye boksi la chupa ya chai. Huenda yalisema chupa isiwekwe karibu na moto. Aliyanakili, kisha, akiwa amefumba macho, akabandika karatasi juu ya mlango wa pichani.

Sebule nzima ilisikia mbao zikigongana. Alipofumbua macho, mlango pichani ulikuwa umefungwa. Mbele yake, pale Nzisa aliposimama, hapakuwa na mtu.

"Baba Mwongeli," Nzisa akaita kutoka chumbani, "hakuna chai hii nyumba?"

Alikuwa ameinuka. Mikono yake ilikuwa na joto. Kaveke alipiga magoti akamshukuru Mungu, na usiku ule walikula pamoja, wakacheka. Ilikuwa furaha ya kweli, na sitamnyima.

Simu kutoka Kalamba ilikuja asubuhi. "Kaveke, picha yako inagonga," mteja alisema, akiongea kama mtu aliyejificha. "Iko na mama ndani. Anakuita wewe."

Kaveke akaweka sikio kwenye picha yake ya sebuleni. Kugonga kulikuwa dhaifu, kwa vidole.

"Fungua, Baba Mwongeli. Ni mimi. Huku hakuna hewa."

"Usifungue," Nzisa akasema nyuma yake, akifuta mikono kwa leso. "Sasa imejifunza kuongea."

Kaveke aliwauliza wote wawili mambo ambayo ni mke wake tu angeyajua: wimbo wa harusi yao, jina la mtoto waliyemzika kabla ya Mwongeli. Wote wawili walijibu sawasawa. Kwa lile jina la mtoto, wote wawili walilia.

"Shule zinafunga leo," ile sauti ya pichani ikasema. "Nakuomba. Usiache Mwongeli alale na huyo."

"Unasikia?" Nzisa akasema. "Ni mtoto inataka."

Kaveke alikaa na kucha juu ya ukingo wa karatasi, bila kuibandua na bila kuiacha, mpaka geti likalia na binti yake akaingia kutoka bweni na sanduku la shule, amechoka, ana njaa.

"Mwongeli," mama yake akamwita kutoka ukutani.

"Mwongeli," mama yake akamwita kutoka jikoni, akipakua.

Mtoto akafuata harufu ya chakula. Kugonga kukakoma.