Siku Sauti ya Chiriku Ilipofutwa

Wazazi wenzangu, na nyinyi ambao bado hamjawa wazazi, haya ninayowasimulia yanaanza na kicheko. Chekeni sasa, maana mbele hakuna nafasi.

Asubuhi, nyumba ya kinyozi ilikuwa nyumba ya kelele nzuri. Birika lilichemka, cherehani ya mkewe ilinguruma chumba cha mbele, na mezani sauti moja ilitawala: "Mkate. Chai. Sukari. Sukari. Sukari."

"Kijiko kimoja kinatosha, Chiriku," mama alisema bila kuinua macho kutoka kwenye kitambaa.

"Mama. Bahili."

Kinyozi alipaliwa na chai kwa kucheka.

Binti huyo tangu azaliwe hakuwa ametamka neno hata moja kwa kinywa chake. Alikuwa na mtindio wa ubongo: masikio yalisikia, akili ilinasa, lakini ulimi uligoma na mikono ilitetemeka. Aliongea kwa kishikwambi, ile tableti ya kugusa kwa kidole, ambayo mwalimu wake alikuwa ameiwekea programu ya picha. Chiriku akigusa picha, kifaa kinatamka neno. Maneno yote mama yake ndiye aliyeyarekodi, neno baada ya neno, mwaka baada ya mwaka. Kwa hiyo mtoto alipomwita mama yake bahili, mama alitukanwa kwa sauti yake mwenyewe. Picha nazo walizipiga humo humo ndani: kikombe chake cha bati, mlango wa choo, uso wa bibi yake, na tumbo lake mwenyewe likiwa limewekewa kiganja cha mama, maana yake "hapa panauma". Kwa jinsi alivyokuwa hanyamazi, wakampa jina la yule ndege mpiga domo.

Kishikwambi chenyewe kilikuwa kimezeeka. Kioo kilikuwa na ufa pembeni, betri ilikata roho kabla ya adhuhuri, na ukikigusa kilifikiri kwanza, kama mzee anayetafuta miwani yake. Hilo silifichi. Kilikuwa kimechoka kweli.

Sasa huyo kinyozi, watani wake walimwita Toleo Jipya. Simu mpya ikitoka leo, kesho aliyonayo inaanza kunuka mfukoni mwake. Na siku hizo kinyozi wa mtaa wa pili alikuwa amenunua kishikwambi cha kisasa, anawaonyesha wateja mitindo ya nywele kabla ya kuwasha mashine. Vijana wakaanza kuhamia huko.

"Mwenzako anakuonyesha kichwa chako kitakavyokuwa," mteja mmoja alimwambia akiwa amefungwa kitambaa shingoni. "Wewe unatuonyesha bango lililopauka. Toleo Jipya gani wewe?"

Saluni nzima ikacheka. Kinyozi naye akacheka, lakini kicheko chake hakikufika machoni.

Mbele ya duka la simu, hatua chache kutoka saluni, palikuwa na tangazo: lete cha zamani, ongeza kidogo, ondoka na kipya. Kila alipokwenda kununua wembe alilisoma upya, kana kwamba maneno yamebadilika.

Jioni akaanza. "Mama Chiriku, hii tableti imechoka. Tuibadilishe, mtoto apate ya kisasa."

"Imechoka, lakini inaongea."

"Inachelewa, mke wangu."

"Inachelewa, lakini inafika. Betri fundi atatubadilishia. Hebu niambie, mtoto anataka kusema nini ambacho hii haisemi?"

Kinyozi akakuna kidevu. "Dunia inakwenda mbele, bwana."

"Iende. Ila kabla hatujaifuata, muulize mwalimu kama ile programu itakubali kwenye tableti mpya, na kama picha zitahama zote. Akisema ndiyo, mimi mwenyewe nitakusindikiza dukani."

"Sawa. Nitamuuliza."

Hakumuuliza. Na nyinyi mnajua kwa nini, msijifanye wageni. Anayeuliza huweza kujibiwa hapana, na yeye moyo wake ulikwisha kununua zamani. Kila alipojisemea "ni kwa ajili ya mtoto", alijiona amesimama saluni, kishikwambi kinang'aa mkononi, na yule mteja mwenye mdomo ameufyata.

Ikawa shule zimefungwa, na dada wa mkewe akajifungua kwa upasuaji. Mke akafunga mkoba kwenda kumuuguza, akawaacha Chiriku, bibi yake na kinyozi. Haukupita muda, kinyozi akakifuata kishikwambi pale mezani.

"Mwanangu, baba anakwenda kukuletea kipya. Kizuri kuliko hiki."

Chiriku akakikumbatia kwa mkono mmoja, kwa mwingine akagusa. Kifaa kikafikiri, kisha kikatamka: "Hapana."

"Utakipenda, utaona."

"Yangu. Yangu. Hapana. Baba. Hapana."

Kinyozi alisikia. Siwaambii kwamba hakusikia. Alimbusu kwenye paji la uso, akamwachanisha vidole polepole, akatoka.

Muuza simu alikuwa kijana mwenye adabu. Alikiwasha kile cha zamani, akakitazama. "Bosi, kuna kitu humu unataka tukihamishe kabla sijafuta? Vipo vingi, naona. Ukiniachia mpaka kesho nitakutolea vyote."

Kile kipya kilikuwa tayari kimetolewa kwenye boksi lake, kioo hakijapata hata alama ya kidole. Kesho ilionekana mbali.

"Ni picha za mtoto tu," kinyozi alisema. "Futa."

Nyumbani Chiriku alikishika kile kipya kwa hamu ya mtu mwenye kiu. Vidole vyake vinavyotetemeka vikagusa hapa, likafunguka tangazo, vikagusa pale, ukalia muziki, vikateleza, kikazimika. Akatafuta kikombe chake. Akatafuta uso wa bibi. Akamtazama baba yake, akatoa sauti ya kooni isiyo na umbo, kubwa, hata jirani akagonga ukuta.

Hapo ndipo kinyozi alipompigia mwalimu.

"Ile programu waliacha kuitengeneza," mwalimu alisema. "Kwenye vifaa vipya haiingii. Ndiyo maana nilikuwa nawasihi mkitunze kile. Lakini usihofu, picha na zile sauti si unazo? Nikizipata nitaziingiza kwenye programu nyingine."

"Nitakupigia, mwalimu," kinyozi akasema, na hakupiga tena.

Mkewe aliporudi, Chiriku alimkokota mkono hadi mezani, akaanza kugonga mbao kwa kidole. Gonga, amtazame mama. Gonga, amtazame mama.

"Iko wapi?" mama aliuliza.

Kinyozi akaeleza. Alieleza kuhusu betri, ufa, ofa, teknolojia. Mkewe hakumkatiza. Alipomaliza, akauliza tena kwa sauti ya chini: "Basi hiyo mpya ya mtoto iko wapi?"

"Iko... iko saluni."

Mama alikaa chini. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Umeuza ulimi wa mwanangu ukawaonyeshe watu mitindo ya nywele," kisha akamvuta Chiriku kifuani, na siku hiyo cherehani haikulia.

Ndugu zangu, laiti mambo yangeishia hapo.

Chiriku alianza kukataa chakula. Akawa analia, anajikunja, anarusha miguu akiguswa, anajiuma mkono. Wote waliijua sababu, au walidhani wanaijua. Mtoto ana hasira ya tableti yake. Bibi alisema hivyo, kinyozi alisema hivyo, na mama, aliyekuwa na hasira kuliko wote, naye aliamini hivyo. Alimwimbia, akamkanda miguu, akamwahidi watapiga picha upya. Mtoto akamsukuma na kulia zaidi.

"Mwache," kinyozi alisema. "Atazoea."

Kisha asubuhi moja kilio kikakoma. Chiriku alilala kimya, macho wazi, akitazama dari. Nyumba nzima ikashusha pumzi.

"Unaona?" kinyozi alimwambia mkewe, karibu atabasamu. "Amezoea."

Kufikia alasiri mwili wa mtoto ulikuwa wa moto kiasi kwamba mama aliondoa mkono haraka kama aliyegusa pasi. Tumbo lilikuwa gumu kama ubao. Walimbeba mbio hadi nje, mama bila viatu, kinyozi na koti la saluni lenye nywele za watu, wakasimamisha gari la kwanza lililopita.

Hospitali, daktari alimpapasa tumbo na uso wake ukabadilika. "Maumivu yalianza lini? Upande gani?"

"Hatujui," mama alisema.

"Huwa hasemi?"

Mama akamgeukia mumewe, akamtazama mpaka yeye akainamisha kichwa. Ndipo akajibu: "Alikuwa anasema."

Kidole tumbo kilikuwa kimepasuka. Daktari alieleza kwamba kikipasuka maumivu huweza kupungua kwa muda mfupi, mgonjwa akatulia, huku usaha unasambaa ndani. Kinyozi alisikia neno hilo, "akatulia", akakumbuka lile lake: "Amezoea."

Chiriku alifanyiwa upasuaji. Alitoka hai, lakini alipozinduka aliamkia kwenye hofu tupu: mipira puani, sindano mkononi, watu asiowajua. Akawa anapiga mayowe mpaka nyuzi za kidonda zikatishia kuachia. Nesi aliinama huku na huku.

"Sijui kama ni kidonda, au kiu, au anaogopa tu," alisema. "Dawa ya maumivu siwezi kumwongezea kwa kubahatisha. Nyinyi wenye kumjua, muulizeni."

Wamuulize vipi? Kichwa chake kilitikisika chenyewe, hujui kama ni ndiyo au hapana. Mama alitaja kila neno alilopata kulirekodi, mkate, maji, bibi, baridi, na mtoto akaendelea kupiga mayowe.

Kinyozi akatoka mbio hadi lile duka la simu.

Muuza simu alimwonea huruma, akamwelekeza kwa binti mmoja wa chuo aliyekinunua kile kishikwambi, anayeishi hosteli nyuma ya soko. Kinyozi alipanda ngazi za hosteli akihema, akagonga milango isiyo yake, mpaka akamkuta. Aliutambua ule ufa kabla hajamtambua mtu.

"Dada yangu, niruhusu nitazame tu. Kuna picha humu. Kuna sauti ya mke wangu."

Binti akampa bila kuuliza. Kinyozi akafungua hapa, akafungua pale. Palikuwa na masomo ya uhasibu, na picha za marafiki wamevaa majoho. Alikiweka sikioni, kana kwamba kitamnong'oneza.

"Baba, mimi nilikipata kitupu," binti alisema taratibu. "Lakini kama kitasaidia, kichukue."

"Kilichokuwa kinasaidia hakimo tena," kinyozi alijibu, akakaa kwenye ngazi na kulia mbele ya wanafunzi waliokuwa wakipita na ndoo zao za maji.

Aliporudi wodini alikuta ukimya, akadhani mtoto amekufa. Lakini Chiriku alikuwa macho. Mama alikuwa ameomba boksi tupu la glavu, amelikata vipande, na kwa kalamu ya nesi alikuwa anachora. Glasi ya maji. Kitanda. Nyumba yao. Uso wenye machozi na mdomo uliopinda: inauma. Uso wa mama, wenye vitundu vya hereni masikioni ili utambulike. Mtoto aliburuta kidole kwenye vile vipande, polepole, akagusa ule uso wenye machozi, kisha glasi. Nesi tayari alikuwa anaandaa dawa.

Kinyozi alisimama miguuni mwa kitanda. Alihesabu nyuso kwa macho. Bibi alikuwemo. Hata daktari alikuwemo.

"Na mimi je?" aliuliza.

Mkewe alimnyooshea kipande na kalamu bila kumtazama. "Jichore mwenyewe."

Alijichora. Mkono uliozoea kunyoosha mistari ya nywele za watu ulichora uso, na mashine ya kunyolea pembeni yake. Alipomaliza akaiweka picha kando ya zile nyingine.

Chiriku aliitazama kwa muda mrefu. Kisha akainua kidole, akagusa baba, akakisogeza, akagusa inauma.

Alikuwa anamwambia kwamba yeye ndiye aliyemuumiza? Au aliyaona macho yake mekundu, akamuuliza kama anaumwa? Chiriku alipona, mwalimu alipata programu nyingine, na mama ameanza kurekodi upya, ingawa maneno bado ni machache na mtoto haropoki kama zamani. Lakini kinyozi hadi leo hajathubutu kumuuliza binti yake siku ile alimaanisha nini.

MAFUNZO

Wapendwa, simlaumu mtu kwa kununua kifaa kipya. Vifaa huchakaa, na chombo kilichokufa hakifufuliwi kwa mapenzi. Lakini kabla hujatoa cha zamani, kaa chini ujiulize: hiki kimeshindwa kazi gani? Hicho kipya kitaifanya kazi hiyo? Kilichomo ndani kitahama salama, au kitabaki nyuma? Na swali gumu kuliko yote: ninayesema namnunulia, ndiye kweli ninayemnunulia? Tamaa yetu hupenda kuvaa nguo za watoto wetu, ikapita mlangoni bila kukaguliwa.

Na mwenye kifaa akikwambia "hapana", hata kama anakwambia kwa kidole kinachotetemeka, msikilize. Yeye ndiye anayejua kinambebea nini.