Kila Mtu na Mlango Wake

Wizi ulipangwa chumba cha nyuma cha fundi redio, redio tatu zikiimba kwa pamoja ili kuta zisisikie. Miaka hiyo kuta zilikuwa na masikio na binadamu walikuwa na midomo. Jirani alimchongea jirani, mume alimwogopa mke aotaye kwa sauti.

Walikuwa watatu. Meja, mkuu wao, aliyefukuzwa jeshini. Kufuli, fundi wa funguo. Na dereva, shemeji yake Kufuli, kaka wa mkewe.

Shabaha ilikuwa ghala la dawa la serikali. Dawa ya sukari walipewa wenye kadi ya chama. Binti yake Kufuli hakuwa na kadi; alikuwa na kichupa kimoja, nacho kimefika nusu. Meja alitaka mali ya kuuza. Kufuli alitaka dawa ya mwanawe, basi.

Wangeingia mchana, walinzi wakila. Mlango upi, Meja hakutaja mbele ya wote. Alimvuta kila mmoja pembeni akamnong'oneza. Ajuaye kidogo, alisema, hutapika kidogo akipigwa.

"Usimwambie hata shemeji yako."

"Meja, nimemwoa dada yake."

"Hata mimi nimeoa. Simwambii mke wangu hata ninapokwenda chooni."

SAA SITA NA NUSU MCHANA.

Mlango wa magharibi, Kufuli peke yake. Kufuli ya serikali ilikuwa na kitambi lakini haina nguvu, kama wenyewe. Ilikubali mara moja. Alijaza boksi la barafu vichupa, akatoka.

Gari halipo.

SAA SABA KASOROBO.

Bado halipo. Kutembea na boksi lile juani ni kukamatwa kona ya kwanza. Kuliacha ni kumzika mtoto. Akajibanza ukutani. Ndipo akavikumbuka viatu vipya vya shemeji. Vilinunuliwa na nani? Wiki nzima hakuvijali. Sasa vilimkanyaga kifuani.

SAA SABA.

Gari likaja. Shemeji kwenye usukani, askari wamejaa nyuma. Kufuli akalazwa chini, shavu kwenye lami ya moto.

"Umeniuza," alisema.

"Wewe ndiye uliyeniuza. Nimekaa mlangoni mpaka nikaota mizizi, hutokei. Nikajua nimetegwa. Nikawahi kituoni. Anayewahi kusema husamehewa."

"Mlango upi?"

"Mashariki. Meja aliniambia mwenyewe. Hukuwapo pale, ndipo tukalizunguka ghala."

"Mimi aliniambia magharibi."

Shemeji akageuka kuutazama mlango. Kumbe Meja alimgawia kila mtu mlango wake: mlango ambao askari wangetokea ndio ungemwonyesha msaliti. Wasipotokea, angeliashiria gari lizunguke hadi magharibi. Alichelewa kidogo tu kuwaamini.

Kufuli akainua macho. Ng'ambo ya barabara, kwenye kibanda cha chai, Meja alikuwa akiwatazama askari kwenye mlango wa magharibi. Mlango alioambiwa mtu mmoja tu: Kufuli. Akatikisa kichwa polepole, kama aliyeletewa habari ya msiba aliokuwa akiungoja. Akaimwaga chai, akaenda zake.

Boksi liliwekwa juu ya boneti, juani.

"Afande," shemeji alisema, "liweke kivulini. Ni dawa ya mpwa wangu. Inataka baridi."

Askari akamtazama, akalitazama boksi.

"Kivulini? Mmeficha nini humu?"

Akalifungua, akaimwaga barafu yote barabarani, akaanza kupekua.