Sikukuu ya Nyumba ya Mwisho

Sogeeni, watoto, sogeeni. Na wewe mwenye kidole mdomoni, sogea pia. Leo tunapanda mlima!

Huko Rungwe, mlimani, kuna kijiji kinaitwa Ntuso. Kina nyumba saba tu, moja juu ya nyingine, kutoka chini hadi juu. Chini kabisa kuna kanisa. Juu kabisa, ndani ya ukungu, kuna nyumba ya saba.

Hapo anaishi Tusekile. Ana miaka sita, na jino moja la mbele limeng'oka. Anaishi na bibi yake, Bibi Sekela. Miguu ya Bibi Sekela inauma. Haiwezi tena kushuka mlima.

Leo ni Krismasi! Bibi Sekela ameamka mapema. Amemchinja jogoo wake. Ni jogoo mmoja tu, hana mwingine.

Chungu kinachemka. Bwata, bwata, bwata. Harufu imejaa hadi uani, na Tusekile anameza mate.

"Bibi, nionje kidogo?"

"Subiri, mjukuu wangu. Wageni ndio wanaanza."

Wageni gani? Ni Babu Bagenda na mke wake, Bibi Koku. Ni wamisionari wazee, nywele nyeupe pe! Kanisa lao liko Bukoba, mbali kule ziwani. Ndilo lililowatuma Ntuso kuwahudumia watu. Watoto wao wako Bukoba, lakini Krismasi yao wanaila huku.

Kila Krismasi, ibada ikiisha, wanapanda mlima kwa miguu. Wanaingia kila nyumba. Babu anaomba, Bibi Koku anaimba. Wakikuta mgonjwa, Bibi Koku anamkanda kwa maji ya moto.

Na kila nyumba inawapa chakula. Ntuso ndivyo ilivyo. Mgeni wa Krismasi akiondoka bila kula, mwenye nyumba atanuna mpaka Pasaka! Kwenye kila mlango utasikia:

"Karibuni, karibuni!
Kula kwanza, maneno baadaye!"

Sasa hapo ndipo kasheshe inapoanza. Babu na Bibi Koku hawajui kusema hapana. Nyumba ya kwanza, wanakula. Nyumba ya pili, wanakula. Ya tatu, wanakula. Haya, niambieni, wakifika nyumba ya saba wana hali gani?

Mwaka jana walifika wameshiba hadi shingoni. Bibi Koku alikula kijiko kimoja. Babu alisinzia, sahani mapajani. Khoroo, khoroo!

"Haidhuru," alisema Bibi Sekela. Lakini alipokuwa anaosha vyombo, Tusekile aliona machozi yake.

Leo Bibi Sekela anakoroga chungu polepole.

"Tusekile, wasipokula na leo, basi. Mwakani sipiki tena. Chakula cha nyumba ya mwisho hakina mlaji."

Moyo wa Tusekile ukauma. Hapana! Leo lazima wale!

"Nenda kaangalie wamefika wapi," akasema Bibi.

Tusekile akashuka mbio kwenye matope. Pwata, pwata, pwata! Akapita nyumba ya sita. Hawapo. Akapita ya tano, akapita ya nne. Hawapo. Akawakuta nyumba ya tatu, kwa Mama Subi.

Lo! Babu Bagenda amekaa kwenye kigoda, amelegeza mkanda. Bibi Koku anapumua, huu, huu. Mbele yao kuna sinia la ndizi na nyama, limejaa mpaka juu.

"Karibuni, karibuni!" anasema Mama Subi. "Kula kwanza, maneno baadaye!"

Babu ananyoosha mkono kwenye sinia.

"Babu, usile!" Tusekile akapiga kelele.

Mkono wa Babu ukaganda hewani. Hata kuku wa Mama Subi wakanyamaza.

"We mtoto!" akasema Mama Subi. "Hata salamu hakuna? Chakula changu kina nini?"

Tusekile akainamisha kichwa. Alitamani ardhi ipasuke, aingie. Lakini jogoo wa Bibi je?

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba," akasema Mama Subi, bado amekunja uso.

"Chakula chako ni kitamu, Mama. Lakini Babu akikila chote, kwetu hatakula. Na Bibi amechinja jogoo wake. Mwaka jana alilia."

Bibi Koku akashika mdomo. "Alilia? Mzee wangu, unasikia? Sekela alilia, na sisi hatukujua!"

Babu Bagenda akautazama mlima. Kisha akalitazama tumbo lake.

"Maskini Sekela! Tulikwenda kumfurahisha, kumbe tukamliza. Lakini nikikataa chakula cha Mama Subi, naye atalia. Ee Mungu, nifanyeje?"

Babu akafumba macho aombe. Bibi Koku akafumba macho. Mama Subi naye akafumba. Tusekile akafumba jicho moja tu.

Lile jicho jingine likaona sinia. Halafu likaona majani ya mgomba pale uani.

"Babu! Onja kidogo tu! Kinachobaki tukifunike kwa majani, tupande nacho. Tukakile kwetu!"

"Amina!" akasema Babu, na sala ilikuwa haijafika hata katikati.

Bibi Koku akamega kipande cha ndizi. Akala. Akalamba kidole. "Tamu sana, Mama Subi! Funika, twende nacho."

Mama Subi akashika kiuno. "Nyie! Chakula changu kiende peke yake kama yatima? Thubutu! Kikienda, na mimi naenda!"

Akajitwisha sinia kichwani. Watoto wake watatu wakamfuata nyuma. Bibi Koku akaanza kuimba:

"Tunapanda, tunapanda,
mdogo mdogo tunapanda!"

Wakafika nyumba ya nne, kwa Mzee Mwaisela.

"Karibuni, karibuni! Kula kwanza, maneno baadaye!"

"Tunaonja tu," akasema Tusekile. "Tunakwenda kula kwa Bibi."

Mzee Mwaisela akakuna kichwa. "Kwa Sekela? Ee bwana, mimi sijafika kwake mwaka mzima. Aibu hii!" Akanyanyua sufuria lake la wali. Mfuniko ukagonga, ta-ta-ta, ta-ta-ta!

"Tunapanda, tunapanda,
mdogo mdogo tunapanda!"

Nyumba ya tano walikuwa na chapati. Chapati zikapanda mlima. Nyumba ya sita walikuwa na kibuyu cha maziwa ya mgando. Kibuyu kikapanda mlima. Chubwi, chubwi, chubwi!

Na wale wa nyumba ya kwanza na ya pili? Wakasikia wimbo huko chini. "Jamani, sisi tumeachwa!" Wakaja mbio, wanahema, mmoja amebeba mkungu mzima wa ndizi mbivu.

Juu kabisa, Bibi Sekela alikuwa amekaa mlangoni, fimbo mkononi. Akasikia ta-ta-ta. Akasikia chubwi, chubwi. Ukungu ulikuwa mzito, haoni kitu.

"Makubwa! Ni nini hicho? Mlima unaporomoka?"

Kwanza akatokea Tusekile, matope hadi magotini. Kisha Babu Bagenda. Kisha Bibi Koku. Kisha sinia! Kisha sufuria! Kisha watu, watu, watu!

"Hodi, Bibi Sekela! Hodi, hodi!"

Bibi Sekela akafungua mdomo. Sauti ikatoka kubwa, ikasikika mpaka kanisani:

"Karibuni, karibuni!
Kula kwanza, maneno baadaye!"

Wakaingia ndani. Watano wakaenea. Wa sita akabanwa mlangoni. Mzee Mwaisela akakaa juu ya ndoo.

"Jamani, nafasi hakuna!" akasema Bibi Sekela. "Nimeaibika!"

Babu Bagenda akacheka mpaka mabega yakatikisika. "Sekela, hata Yesu alipozaliwa nafasi haikuwepo. Leo ni siku yake. Tukae nje!"

Wakatandika majani ya mgomba uani. Wakakaa wote, wakubwa kwa wadogo. Tusekile akapita na maji ya kunawa.

Bibi Sekela akafunua chungu chake. Akampakulia Babu paja la jogoo. Akampakulia Bibi Koku kidari. Halafu akasimama pale pale, akiwatazama.

Tusekile akakodoa macho.

Babu akang'ata. Akatafuna. Nyam, nyam, nyam. Akang'ata tena. Akafika kwenye mfupa, akaufyonza. Fyuuu!

"Sekela," akasema, "mlima umekishusha chakula chote cha njiani. Hakuna paja jingine?"

"Na mimi niongeze mchuzi," akasema Bibi Koku. "Jaza, usiogope."

Watu wakapiga vigelegele. Ririririii! Bibi Sekela akakaa chini, akafunika uso kwa kanga, mabega yakaruka kwa kicheko.

Wakala jogoo. Wakala ndizi, wali na chapati. Tusekile akanywa maziwa mpaka akapata masharubu meupe. Kisha Bibi Koku akachemsha maji. Akaikanda miguu ya Bibi Sekela, taratibu, huku akiimba. Mama Subi akasema Jumapili atakuja kuikanda yeye.

Babu Bagenda akasimama kuomba. Leo aliomba kwa ufupi.

"Bwana Yesu, asante kwa kuzaliwa. Asante kwa jogoo. Asante kwa mtoto aliyepiga kelele. Amina."

"Amina!" wakasema wote.

Jioni ikaja. Vyungu vikawa vyeupe, hata punje hakuna. Watu wakashuka wakiimba, sauti zikapungua, zikapungua, zikaisha.

Tusekile akapanda kitandani. Bibi akapuliza koroboi, fuu, akalala kando yake.

"Bibi, umechoka?"

"Nimechoka hoi, mjukuu wangu."

"Bibi, unalia?"

"Mimi? Nacheka. Gizani huoni tu."

Tusekile akanyoosha kidole, akaugusa mdomo wa Bibi. Kweli. Ulikuwa umefunguka, umefika mashavuni.

Akalala hapo hapo, kidole bado kiko kwenye kicheko cha Bibi.