Msimu Ambao Eero Hakucheza

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Anyesi alimsaidia mama yake kupepeta karanga za kuuza sokoni Majengo. Siku moja ungo ulikuwa mikononi, lakini macho yalikuwa kwenye karatasi aliyoibana chini ya kopo.

"Mama, mtu anaweza kukimbia juu ya ziwa?"

"Petro alijaribu kutembea tu, akaanza kuzama," mama yake, Debora, alijibu. "Pepeta, mwanangu."

Mwalimu Mudrick alikuwa amempa kila mwanafunzi wa darasa la sita habari za mwanamichezo wa nchi za mbali, azisimulie darasani. Msimuliaji bora angesimama mbele ya wazazi siku ya Ijumaa. Anyesi alipewa habari za Eero Koskela, mzaliwa wa Ufini, mchezaji wa mpira wa magongo wa barafuni. Eero alijifunza mchezo juu ya ziwa lililoganda, akivaa viatu vyenye chuma chini. Alipofikisha miaka kumi na tisa, alikwenda Marekani kucheza kwa mshahara. Alidumu huko misimu kumi na minne, akang'olewa meno mawili, wala hakuacha.

Anyesi alisoma, akarudia, asielewe. Barafu aliyoijua ni ile ya ubuyu, inayoyeyuka mkononi kabla hujaimaliza. Lakini kilichomtatiza zaidi ni mstari mmoja: "Msimu wa sita hakucheza hata mechi moja." Sababu haikuandikwa. Alikuwa wapi mwaka mzima? Anyesi aliona aibu kuuliza.

Alipoufikia mstari ule mbele ya darasa, alisita. Kisha maneno yakamtoka: "Msimu wa sita alifukuzwa, kwa sababu alimtandika kocha wake kwa gongo!"

Darasa zima likavunjika mbavu. "Mwongeze na la pili, Eero!" Lameck alipaza sauti huku akigonga dawati. Anyesi akachaguliwa kuwa msimuliaji wa Ijumaa.

Jioni alimsimulia mama yake kwa furaha. Mama hakucheka.

"Imeandikwa hivyo?"

"Hapana. Lakini mama, mtu hodari aache kazi mwaka mzima bure?"

"Babu yako alipofariki nilifunga meza yangu mwezi mzima. Sokoni wakasema nimefukuzwa kwa kupunja vipimo. Niliporudi, wateja walipima karanga zangu mara mbili mbili. Hakuna aliyeniuliza nilikuwa wapi."

Anyesi alichanganyikiwa. Eero hakuwa jirani wala ndugu, na habari hizo asingezisikia kamwe. Mbona basi aliona amemkosea?

Kesho yake alimfuata mwalimu ofisini.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, msimuliaji wetu!"

"Mwalimu, habari ya gongo niliitunga. Sikujua kwa nini hakucheza."

Mwalimu Mudrick alimtazama, akatoa simu yake na kutafuta. Alisoma kimya, kisha akasoma kwa sauti. Baba yake Eero alikuwa mgonjwa. Eero alirudi Ufini kumuuguza, akamzika, akabaki na mama yake mpaka msimu ulipokwisha.

"Nimemsingizia mfiwa," Anyesi alisema polepole.

"Utafanya nini sasa?"

"Nikisema kweli, watanicheka."

"Watakucheka," mwalimu alikubali.

Ijumaa Anyesi alisimama mbele ya wazazi. "Niliwaambia wenzangu kwamba Eero alimpiga kocha," alisema. "Nilidanganya. Mwaka ule alikuwa msibani kwa baba yake."

Lameck alicheka, akajikuta anacheka peke yake. Baba mmoja akavua kofia. Anyesi akamalizia habari za Eero hadi msimu wa kumi na nne.

Mwalimu Mudrick akasimama kando yake. "Wanangu," alisema, "usipojua habari za mtu, sema hujui, kisha uliza. Anayeuliza huaibika kitambo kidogo. Anayemzulia mwenzake humwachia mzigo ambao aliyezuliwa hata hajui kwa nini anaubeba."

Nyuma ya umati, Debora alifuta macho kwa ncha ya kanga.